Kopo Lililotobolewa: Bustani Ndogo ya Uani na Haki ya Jirani

MWANZONI mwa masika yaliyopita, wanafunzi wa madrasa ya msikiti wetu hapa Dar es Salaam walitakiwa kila mmoja aje na kopo tupu kutoka nyumbani kwao. Wakaja na makopo ya maziwa ya unga, makopo ya nyanya, ndoo zilizovunjika mishikio na madumu yaliyokatwa shingo. Kamati ikanunua udongo na miche, watoto wakapanda mnanaa, mchicha na pilipili, na makopo 40 yakapangwa kwa safu kando ya ukuta wa nyuma. Mimi, kwa kuwa ndiye katibu wa kamati, nikaandika katika daftari la mihutasari: makopo 40, miche imepandwa, gharama zimelipwa. Tukafunga shughuli kwa dua, tukiamini kuwa tumefungua mlango wa kheri.

Wiki ya tatu, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja ambaye nyumba yake inapakana na ukuta ule alisimama mlangoni mwa ofisi akiwa na bilauri mkononi.

"Assalamu alaykum, ustadh. Naomba utazame humu."

Ndani ya bilauri mlikuwa na maji ya kahawia, na ndani ya maji viluwiluwi vya mbu vikipanda na kushuka.

"Nimeyachota katika makopo yenu," akasema. "Mwanangu ana homa, leo siku ya tatu. Sisemi kwamba makopo haya ndiyo yaliyomtia homa, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Nasema njoo utazame kwa macho yako."

Nilimwomba radhi, nikamfuata. Makopo mengi hayakuwa na tundu hata moja. Mvua ilikuwa imeyajaza hadi ukingoni, udongo ulinuka, na miche niliyoivuta ilitoka na mizizi myeusi iliyooza. Jioni ile ile tuliyamwaga yote. Mtoto yule alipona, alhamdulillah. Lakini mimi nilibaki na ule ukurasa wa daftari, uliohesabu makopo bila kuhesabu matundu.

Makala haya yanaeleza yale tuliyojifunza tulipoanza upya, ili familia inayotaka kutengeneza bustani ndogo ya makopo nyumbani ianze pale tulipofikia sisi baada ya kukosea.

Kheri isiyomdhuru jirani

Fadhila za kupanda zinajulikana. Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Neema hiyo haikuwekewa sharti la shamba la ekari. Anayeishi katika chumba cha kupanga, mwenye baraza la hatua tatu na kopo moja la pilipili, naye anaingia katika bishara hiyo.

Hata hivyo wanazuoni wa fiqhi wametuwekea kanuni mbili ambazo hatukuzikumbuka siku ile. Ya kwanza ni kwamba madhara huondolewa. Ya pili ni kwamba kuzuia uharibifu hutangulizwa kabla ya kutafuta manufaa. Kopo la mnanaa lina manufaa. Maji yaliyotuama ndani yake yana madhara, na madhara hayo huruka ukuta na kuingia kwa jirani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpanda bustani wa mjini ni tundu. Mbegu inafuata baadaye.

Kipi kifae na kipi kisifae

Tazama kwanza vyombo vilivyomo nyumbani kabla ya kwenda dukani. Vinavyofaa kwa mboga na viungo ni vile vilivyobeba chakula: kopo la maziwa, kopo la nyanya, dumu la mafuta ya kupikia, ndoo ya maji iliyopasuka, gunia la mchele, kifuu cha nazi. Vyombo vilivyobeba dawa za kuulia wadudu, mafuta ya mashine au maji ya betri visitumike hata vikioshwa mara saba, kwani sumu hubakia. Ndoo ya rangi ya ukuta, ikiisha kusuguliwa vizuri, iachiwe maua tu.

Angalia pia kina cha chombo. Mnanaa, giligilani na vitunguu vya majani huridhika na kina cha shibiri moja. Pilipili na bilinganya huhitaji chombo cha lita 10 au zaidi, na mnyanya hufurahia ndoo ya lita 20. Ukiupanda mnyanya katika kopo la nyanya utapata majani mawili matatu, kisha majuto.

Kingo za kopo la bati zina makali. Mtu mzima azikunje kwa koleo au azigonge kwa nyundo hadi zilale, ndipo watoto waruhusiwe kulishika.

Tundu kabla ya udongo

Kwa kopo la bati, lipindue juu ya kipande cha ubao, chukua msumari wa inchi tatu na nyundo, utoboe matundu matano au sita chini yake. Kwa chombo cha plastiki, pasha msumari juu ya makaa ukiwa umeushika kwa koleo, kisha utoboe polepole. Kazi hii ifanywe nje, kwa sababu moshi wa plastiki haufai kuvutwa, na ifanywe na mzazi. Ndoo ya lita 20 itobolewe matundu manane hadi kumi yenye upana wa kidole kidogo cha mkono.

Weka vipande vya chungu au kokoto kubwa juu ya kila tundu ili udongo usitoke. Kisha liinue kopo juu ya vipande viwili vya tofali. Wengi husahau jambo hili: kopo lililotobolewa likikalishwa bapa juu ya sakafu ya saruji, matundu huziba, na maji hutuama kama kwamba hayakutobolewa kabisa.

Kuna jaribio jepesi ambalo sasa kila mtoto wa madrasa yetu analijua. Kabla ya kupanda chochote, mimina kikombe kimoja cha maji juu ya udongo uliolowa. Maji yakianza kudondoka chini kabla hujamaliza kusoma Suratul Fatiha kwa utulivu, kopo limefaulu. Yakichelewa, ongeza tundu.

Udongo, samadi na suala la tohara

Udongo mtupu wa uani hugandamana ndani ya kopo na kuwa kama tofali. Changanya mafungu mawili ya udongo, fungu moja la samadi iliyooza na fungu moja la mchanga au pumba za mpunga. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa nayo hufaa sana, kwa kuwa huhifadhi unyevu. Yaloweke kwanza na kumwaga maji yake mara mbili tatu ili chumvi itoke.

Samadi iwe imeoza kweli: rangi yake nyeusi, imekauka, haina harufu kali. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi.

Wazazi kadhaa walituuliza kama si vibaya kupanda mboga katika samadi. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake huliwa. Wako maimamu wengine waliosema kuwa cha mnyama anayeliwa ni tohara. Pamoja na hayo, wanazuoni wa Kishafi wameruhusu ardhi irutubishwe kwa samadi, na mmea unaochipua humo ni tohara. Kinachotakiwa ni kuosha sehemu ya mboga iliyoguswa na samadi, kunawa mikono vizuri, na kutoweka vyombo hivyo mahali panapotandikwa mswala.

Kazi nne za mikono

Kazi hizi zinaweza kufanywa na familia asubuhi ya siku ya mapumziko, na karibu vifaa vyote ni vile ambavyo vingetupwa jalalani.

Ya kwanza ni kitalu cha vifuu. Tulipoanza upya, tulimwomba mama yule wa jirani aje awe mwalimu, naye akakubali. Akaja na mfuko wa vifuu alivyokuwa akivihifadhi jikoni. Akawaonyesha watoto kwamba nazi ina macho matatu, na kwamba moja kati ya hayo ni laini; hilo ndilo ambalo chipukizi la mnazi hupitia likichomoza. "Mwenyezi Mungu ameshawatobolea," akawaambia, "nyinyi mnasukuma tu." Kipande cha kifuu chenye macho hutobolewa kwa msumari katika jicho laini, hujazwa udongo mwepesi, na kupandwa mbegu mbili tatu za pilipili, nyanya au bilinganya. Mche ukifikisha majani manne au matano ya kweli, huhamishiwa katika kopo kubwa. Kifuu hukaa kwa urahisi juu ya pete ya kitambaa kilichosokotwa, mfano wa kata ya kubebea ndoo kichwani.

Ya pili ni kopo la mnanaa. Huna haja ya kununua mbegu. Ukinunua fungu la mnanaa sokoni kwa ajili ya chai, teua vijiti vitatu vyenye afya, ondoa majani ya chini, uvitie katika bilauri ya maji. Kwa kawaida mizizi huonekana ndani ya wiki moja hadi mbili. Badilisha maji hayo kila baada ya siku mbili, kwa sababu bilauri ya dirishani nayo ni nyumba ya mbu. Kisha panda katika kopo lililotobolewa, uliweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Mnanaa hutambaa na kumeza majirani zake, kwa hiyo upewe kopo lake peke yake. Mchaichai hupandwa kwa kugawa shina lenye mizizi, na kivumbasi na mrehani huota kwa mbegu zake ndogo.

Ya tatu ni kopo la kuning'inia. Kata kamba nne nyembamba za katani, kila moja mita 2. Zikunje katikati kwa pamoja, funga fundo karibu na mkunjo ili ubaki na kitanzi cha kutundikia. Sasa una ncha nane. Zigawe jozi nne. Teremka nusu mita kutoka kwenye kitanzi, funga fundo katika kila jozi. Kisha chukua kamba moja ya jozi hii na moja ya jozi inayofuata, uzifunge pamoja sentimita 8 chini yake, na uendelee hivyo hadi uzunguke zote. Mwisho kusanya ncha zote nane, uzifunge fundo moja kubwa sentimita 8 chini zaidi. Utakuwa umepata wavu wa kukalia kopo. Watoto wa kike na wa kiume wote wataifurahia kazi hii, na mabinti wetu wanaojua kusuka ukili wataiona nyepesi. Litundike kopo mahali ambapo maji yake hayatadondokea nguo za jirani zilizoanikwa.

Ya nne ni gunia la mboga, ambalo ndilo lenye faida kubwa jikoni. Chukua gunia la kilo 50 lililobeba mchele au unga. Chagua kwanza mahali lilipo jua kwa saa sita au zaidi, kwa maana likijaa hutaweza kulisogeza. Simamisha katikati kopo lililokatwa pande zote mbili, ulijaze kokoto, kisha ujaze udongo kulizunguka. Livute kopo juu, kokoto zibaki. Ulijaze tena, na uendelee hadi gunia lifikie shibiri moja kutoka mdomoni. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji kufika chini. Mwagilia siku mbili tatu ili udongo ushikamane, ndipo uchane matundu madogo ubavuni, yakiachana shibiri moja na kupishana kama macho ya mkeka. Katika matundu hayo panda miche ya sukuma wiki au spinachi, na juu yake sia mchicha. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Zichanganye na kiganja cha mchanga mkavu ili zisirundikane. Wiki tatu hadi nne baadaye utaanza kuvuna. Ukichuma majani ya nje ya sukuma wiki na kuacha moyo wake, gunia hilo litaendelea kukulisha kwa miezi kadhaa.

Kwa wanaopenda maua, asumini nayo hukubali chombo kikubwa. Mabibi zetu wa pwani walijua kuitunga kwa uzi, na kuifunga pamoja na mrehani na mkadi wakapata kikuba. Ni ufundi mzuri wa kurithishwa kwa mabinti.

Maji ya udhu

Gharama ya maji ndiyo huvunja moyo wengi, na hapa dini yetu imetupa njia. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, ambao haufiki lita moja. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba, tawadha kama ulivyozoea, kisha uitazame. Kila mmoja atajihukumu mwenyewe.

Maji yaliyokwisha kutumika katika udhu, kwa mujibu wa Kishafi, ni tohara japokuwa hayatoharishi tena. Kuyamwagia mimea hakuna ubaya wowote, na ni bora kuliko kuyaacha yaende katika mfereji. Familia ya watu watano inayotawadhia juu ya beseni itapata maji ya kutosha makopo kadhaa kila siku bila kufungua bomba kwa ajili hiyo. Maji hayo yatumike siku hiyo hiyo. Beseni lisilale na maji wazi.

Nakumbusha jambo moja kwa unyenyekevu. Maji ya msikiti ni mali iliyotolewa kwa ajili ya wenye kuswali. Haifai mtu kuyachota kwa bustani ya nyumbani kwake bila idhini ya wasimamizi. Yale yanayotiririka baada ya udhu, kamati inaweza kuyaelekeza kwenye mimea ya msikiti, kama tulivyofanya sisi.

Siku moja katika wiki

Dar es Salaam imewahi kupatwa na milipuko ya homa ya kidingapopo, ambayo wengi huiita dengi, mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu anayeieneza huuma mchana, na hupenda kuzaa katika vyombo vidogo vya majumbani: visahani vya maua, makopo, matairi, ndoo. Mayai yake hugandia ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa mvua inyeshapo. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kisahani lazima kisuguliwe kwa brashi. Na kwa kuwa kutoka yai hadi mbu kamili ni takribani siku saba hadi kumi, ukisugua mara moja kila wiki unakata mzunguko huo.

Sisi tumeichagua asubuhi ya Ijumaa. Kabla ya kuoga na kuvaa nguo nzuri, mtoto huzungukia makopo yake: anainua kila moja, anatazama chini, anamwaga na kusugua kisahani, na akiweza anakiondoa kabisa. Ni kazi ya dakika kumi. Mpe kila mtoto makopo yake kwa jina, usiyachanganye na ya kaka yake, ili ajue maana ya amana.

Na kwa ndugu zetu waishio katika nyumba za kupanga, ua ni wa wote. Muombe idhini mwenye nyumba, washauri wapangaji wenzako, acha njia ya kupita, na usiweke gunia chini ya dirisha la mtu. Ukianza kuvuna, fungu la kwanza la mchicha lipelekwe kwa jirani kabla halijaingia katika sufuria yako.

Katika daftari la mihutasari, chini ya ule ukurasa wa zamani, nimeandika mstari mpya: makopo 26, yote yametobolewa, yote yamekaguliwa. Idadi imepungua, lakini yote yana mimea hai. Mama yule hupita baada ya Alasiri akachuma mnanaa wa chai yake bila kubisha hodi, na wiki iliyopita alituachia vifuu vingine sita mlangoni.

Mwenyezi Mungu (s.w.) atujaalie mikono yenye kupanda na macho yenye kumtazama jirani. Amin.